Keki ya Bibi Nyamizi na Alhamisi Niliyoikwepa

Ukipita Igoma leo ukauliza habari za Leticia mtaalamu wa lishe, watu watakutazama tu, lakini ukisema unamtafuta Daktari Usile, hata mama muuza nyanya ataziacha nyanya zake akamwite mwenzake waje wakusimulie kwa pamoja, maana mmoja peke yake huwa anacheka mpaka hawezi kufika mwisho. Huyo Daktari Usile ni mimi. Nimeamua kusimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kusikia habari zangu zikiongezwa chumvi (kuna wanaodai niliiangukia keki, si kweli, niliikosa kidogo), na Bibi Nyamizi mwenyewe amenipa ruhusa ya kumtaja, kwa sharti kwamba nisisahau kusema siku hiyo alikuwa amevaa kitenge kipya.

Alikuwa amevaa kitenge kipya.

Sasa nianze mwanzo. Nilifanya kazi ya lishe hospitalini miaka kadhaa, nikaacha kwa amani, nikapanga chumba kimoja ghorofani pale Buzuruga, dirisha linatazama stendi, nikanunua mzani, meza, viti viwili na feni, nikachorewa na bango lenye tufaha kubwa jekundu (mchoraji alikataa katakata kuchora embe, alisema tufaha ndilo linaonyesha mtu amesoma), nikawa bosi. Bosi wa nani? Wa feni. Lakini bosi ni bosi, na asubuhi nikipanda zile ngazi nilikuwa napanda taratibu ili watu waone.

Mkubwa wangu wa hospitalini alikuwa Mama Koku, mama wa Kihaya ambaye kwa sasa amestaafu na anakaa kwake Ilemela, kwenye nyumba iliyobanana na mawe na yenye baraza linalotazama ziwa. Siku niliyomuaga hakulia wala hakunipa zawadi. Aliniambia, "Leticia, hapa hospitalini ukikosea kuna muuguzi, kuna daktari, kuna mimi, mtu atakuona tu. Huko unakokwenda, mlango ukishaufunga mmebaki wewe na mgonjwa. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili, Alhamisi, utakuja kwangu na mafaili yako, majina ya watu uyaache ofisini, tutakaa, utaniambia umefanya nini na kwa nini umefanya."

Hicho ndicho kinachoitwa usimamizi wa kitaaluma. Washauri wa mambo ya ndoa na msongo wa mawazo wanakijua siku nyingi, lakini sisi watu wa lishe wengi tunaona hakituhusu, maana sisi tunaongelea mchicha tu, na mchicha una siri gani? Mwaka wa kwanza sikukosa hata Alhamisi moja. Tunakaa barazani, yeye na chai yake ya mchaichai bila sukari, mimi na mafaili yangu, ananisikiliza macho yakiwa ziwani kama mtu asiyesikiliza, halafu anauliza. Na maswali yake yalikuwa ya kukera. Nikimwambia mteja anakula ugali kiasi, anauliza, "Umeviona vyombo vyake?" Nikimwambia mteja fulani hasikii, anauliza, "Na wewe ulijisikiaje alipokataa?" Swali la kwanza niliona ni la kizamani, na la pili niliona ni la kunichungulia moyoni bila kualikwa. Nimekuja kuzungumzia sukari ya mtu, wewe unaniuliza habari za moyo wangu!

Mwaka wa pili niliitwa redioni mara moja kuzungumzia mboga za majani, dakika chache tu, basi kichwa kikavimba.

Bibi Nyamizi alikuja ofisini kwangu wakati huo, kichwa kikiwa bado kimevimba hivyo hivyo. Ni mama wa Kisukuma anayekaribia miaka sabini, ameuza dagaa maisha yake yote, na kwa hao dagaa ndio amemlea mjukuu wake Debora tangu akiwa mchanga. Aliletwa na mkwe wake Salome, mke wa mwanawe mdogo, kwa sababu sukari yake ilikuwa inapanda na daktari wa kliniki alikuwa amemwambia chakula kiangaliwe haraka, hasa kwa kuwa kwenye dole gumba la mguu wa kulia kulikuwa na kidonda kidogo, kidogo kabisa, ila kilikuwa hakitaki kupona. Niliposimama kumpa shikamoo aliitikia marahaba, akanishika mkono, akauzungusha kama anayepima samaki, akasema, "Mwanangu, mbona umekonda? Wewe chakula chako nani anakupangia?"

Nilimpenda palepale. Nasema wazi, nilimpenda, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Alikuwa ananiletea michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga ofisini, tunamaliza mazungumzo ya lishe halafu tunakaa tunapiga soga mpaka mteja mwingine anaanza kukohoa ngazini. Nikaanza kumpigia simu asubuhi na jioni kumuuliza amekula nini, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mteja mwingine yeyote, na nikiona kile kidole chake usingizi unanipaa. Mwenyewe nilikuwa najisemea kwamba huku ndiko kuwajali wateja.

Salome alikuwa anaandika daftari la chakula. Mwandiko wake mzuri mpaka unaona wivu: asubuhi uji wa ulezi bila sukari, kikombe kimoja; mchana ugali mdogo wa dona, sato wa kuchemsha, mchicha; jioni hivyo hivyo na tunda moja. Yaani kama nilivyoagiza, neno kwa neno. Lakini nikitazama kadi ya kliniki, sukari iko juu, wiki inayofuata iko juu zaidi, na kidonda kiko palepale kinanitazama. Nikapiga hesabu zangu za kibosi. Daftari zuri, sukari mbaya: kuna mtu anadanganya. Bibi siyo, Bibi ni malaika. Kwa hiyo ni Salome! Salome anaandika uji huku anampa chai ya maziwa na maandazi. Sikuwa na ushahidi wowote, hata punje, lakini nilianza kumwitikia Salome shikamoo yake kwa pua.

Sasa, kesi kama hiyo ndiyo hasa ya kupeleka Ilemela. Na Alhamisi yenyewe ilikuwa imefika. Ila nilijua nikimweleza Mama Koku atauliza lile swali lake la pili, na mimi sikutaka kuulizwa. Basi nikamtumia ujumbe: "Mama shikamoo, leo nina wateja wengi sana, tutaonana wiki mbili zijazo." Wateja wengi! Nilikuwa na mteja mmoja, na huyo mmoja alikuwa ameahirisha. Nilishinda ofisini nikila mihogo ya kukaanga yenye pilipili na kutazama mabasi yakipiga honi. Mama Koku akajibu, "Marahaba. Hongera kwa wateja." Mihogo ikanikwama.

Jumamosi yake ikawa sendofu ya Debora, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi yake. Bibi alikuwa amenialika mwenyewe, "Uje, wewe siku hizi ni mtu wa nyumbani," na mimi nikaitikia bila kufikiri mara mbili. Kama ningekwenda Ilemela ile Alhamisi, najua Mama Koku angeniuliza, "Unakwenda kama nani?" na ningelazimika kufikiria jibu. Kwa kuwa sikwenda, nikafika Igoma nimevaa gauni la kubana na viatu virefu, nje nikiwa mgeni mwalikwa, ndani nikiwa polisi.

Nyumbani kwa Bibi palikuwa pamependeza, turubai uani, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, spika mbili kubwa kama makabati, na harufu ya pilau iliyokuwa inanitia mashaka ya kikazi. Bibi akanipokea ndani kwanza, akaniletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati cha bluu chenye maua, kikubwa mno, nilikishika kwa mikono miwili, nikanywa, nikapumzika, nikanywa tena, nikakirudisha kikiwa bado nusu. "Maliza mwanangu," akasema, "hicho ni kikombe changu mwenyewe, simpi kila mtu." Nikajisikia nimeheshimiwa sana. (Kumbukeni hicho kikombe. Mimi sikukikumbuka.)

Nikakaa kiti cha karibu na meza ya wazee ili nione sahani yake vizuri. Chakula kikatoka. Bibi akapita pilau kama haioni, akachukua samaki na mboga, soda akaisukuma pembeni, akaomba maji. Mtu mwenye akili timamu angefurahi. Mimi nikajiambia: anajizuia kwa sababu nipo, nisingekuwepo ningeona mambo. Nikamtazama Salome aliyekuwa anagawa vijiko, nikaona hata anavyotembea kuna hila.

Halafu ikaja keki. Sio keki ya kawaida ya bibi harusi mtarajiwa, ile ilikuwa imeshakatwa na watu wa mbele walikuwa wanaitafuna. Hii ilikuwa ya pili, na ndiyo iliyokuwa na maana. Upande wa mwanaume ni Wajita wa kule Musoma, na shangazi yake bwana harusi, Shangazi Nyangeta, mama mnene, mcheshi na mkali kwa wakati mmoja, alikuwa ameioka mwenyewe na kuipakata mapajani njia nzima kutoka Musoma, makusudi kwa ajili ya kumlisha Bibi Nyamizi kwa mkono wake. Ndiyo shukrani yao kwa aliyemlea binti. Kwa hiyo mlezi akifungua mdomo akapokea, amepokea ukoo wao mbele ya watu wote. Akikataa, basi, mambo mengine hayaulizwi.

Haya yote MC aliyaeleza kwenye kipaza sauti kwa urefu na mapambo. Mimi sikusikia hata moja, kwa sababu nilikuwa nimekodolea macho ile keki, na sukari nyeupe iliyomwagwa juu yake, na kile kidole gumba kilichokuwa kimechungulia kwenye kandambili ya Bibi. Muziki ukapandishwa. Shangazi Nyangeta akaja akicheza, kipande kwenye uma, shangwe na vigelegele, Bibi akasimama akicheza naye na kile kitenge kipya, akafungua mdomo.

Nikainuka.

Niliinuka kwa kasi ambayo gauni halikuitarajia, nikapenya kati ya viti, kiatu kikanasa kwenye waya wa spika, nikavuta mguu, nikayumba nusura niiangukie keki, waya ukachomoka, na muziki ukakatika ghafla. Mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kupiga kelele juu ya muziki. Kwa hiyo sauti yangu ikatoka yote, kwenye ukimya mtupu, mbele ya koo mbili na kamati nzima ya sherehe: "BIBI, USILE HIYO KEKI!"

Jamani.

Kwanza hakuna aliyesogea. Halafu mzee mmoja wa upande wa mwanaume, aliyekuwa na kipande cha ile keki ya kwanza shavuni, akatoa leso taratibu sana, akatema. Aliyekaa pembeni yake akaona, naye akatema. Kutema kukasafiri meza kwa meza. Mama mmoja wa kwaya akashika tumbo akasema, "Mimi nilihisi, nilihisi tangu mwanzo." MC, ambaye kazi yake ni kuongea, akaongea bila kipaza sauti: "Ndugu zangu, tutulie, ambao hawajatafuna wasitafune kwanza."

Shangazi Nyangeta bado alikuwa ameinua uma hewani. Akanigeukia. "Keki yangu ina nini?"

Hapo kulikuwa na nafasi ya kuokoka. Ningesema tu, samahani Shangazi, Bibi ana kisukari, basi, yakaisha. (Na hata hilo lingekuwa kosa, maana ni kutangaza ugonjwa wa mteja wangu hadharani, lakini angalau lingekuwa kosa dogo.) Mimi nikatafuta neno la kuwatuliza watu, nikanyoosha mikono yote miwili, nikasema kwa sauti ya redioni, "Hapana, hapana, haina sumu!"

Mpaka dakika hiyo hakuna aliyekuwa amelitaja neno sumu. Mimi ndiye niliyewaletea, bure kabisa.

"Sumu!" akasema mtu nyuma. "Sumu?" akasema mwingine mbele. Nikaongeza, ili kuweka mambo sawa, "Mimi ni mtu wa lishe, nawaambia!" na kuna mama akamtafsiria jirani yake, "Daktari anasema ameipima keki." Shangazi akashusha uma. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hilo ndilo lililoniumiza, maana nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake na siyo machozi. Akasema polepole, "Nimeipakata kutoka Musoma. Sikuiweka hata chini. Leo mimi nimekuwa mchawi?" Baba mdogo wa bwana harusi akasimama akafunga koti vifungo vyote. Wanawake wa upande wao wakaanza kukusanya mikoba. Debora, binti wa watu, akawa analia na wanja unashuka mpaka kwenye shela, anasema, "Bibi, wanaondoka, Bibi, wanaondoka." Na mimi nimesimama katikati, kiatu kimoja mguuni na kingine kwenye waya, nimeharibu ndoa ya mtu kwa taaluma.

Bibi Nyamizi hakupaza sauti. Alimfuata Shangazi Nyangeta pale aliposimama, akamshika kile kiganja chenye uma, akakiinua mwenyewe, akala. Akatafuna taratibu, watu wote wanamtazama kooni. Akameza. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya sokoni isiyohitaji spika:

"Wabeja, asante sana dada yangu. Keki ni nzuri. Mmenipokea na mimi nimewapokea. Kaeni."

Hakuna aliyekaa. Akaendelea. "Mimi nina sukari. Sio siri, wakwe zangu mtajua tu. Huyu binti ndiye anayenifundisha kula. Na alinifundisha hivi: Bibi, ukitaka kula kitu cha sherehe, punguza kingine. Basi mimi leo pilau sikuigusa, soda sikunywa, tangu jana mimi na Salome tunapanga, mama, tutaacha hiki na hiki, ili hiki kipande kimoja cha wakwe nikile kwa raha zangu. Yeye amesahau alichonifundisha. Mimi sikusahau." Akanitazama, na hakukuwa na hasira hata kidogo usoni mwake, afadhali ingekuwepo. "Ameona keki inanijia, akaogopa. Mtoto akimwogopea mama yake anapiga kelele, si ndiyo? Sasa na yeye alishwe, tuone kama atakufa."

Kicheko kilichotoka pale uani nadhani kilisikika mpaka barabara ya Musoma. Baba mdogo akafungua koti. Shangazi Nyangeta akafuta macho kwa kanga, akakata kipande, na si kipande, akakata pande, akanilisha mbele ya watu wote huku MC (waya ulikuwa umesharudishwa) akitangaza kwamba maabara imethibitisha keki iko salama. Nikatafuna huku nalia. Kisha wakanichezesha nikiwa peku. Salome ndiye aliyeniletea kiatu changu, akakifuta vumbi kwanza kwa upindo wa gauni lake, akainama akakiweka miguuni pangu, na mimi niliyekuwa nimemwita mwongo moyoni kwa wiki nzima sikujua niangalie wapi.

Sikusubiri wiki mbili ziishe. Jumatatu asubuhi nilifunga ofisi nikaenda Ilemela na faili. Mama Koku alikuwa barazani anachambua maharage. Nikasema shikamoo, akaitikia, akaniangalia kidogo, akasema, "Nimesikia sokoni kuna daktari amezuia keki huko Igoma. Nikawaambia, huyo si wangu. Wangu ana wateja wengi."

Nikamwambia yote. Uongo wa Alhamisi, Salome, simu za asubuhi na jioni, mpaka neno sumu. Kwenye neno sumu alivua miwani akacheka mpaka maharage yakamwagika, tukayaokota wote wawili tumepiga magoti, na kule kuokota maharage kulinisaidia, maana ni vigumu kuona aibu mbele ya mtu mnayetambaa naye sakafuni. Kisha akavaa miwani, akafungua daftari la Salome, akasoma kurasa mbili tu.

"Uji kikombe kimoja," akasoma. "Umekiona kikombe chake?"

Nikafungua mdomo kusema sijakiona, kisha nikauona mkono wangu. Yaani nilijiona nimekishika kwa mikono miwili, cha bati, cha bluu, na maua yake, nikipumzika katikati. Nikainua mikono yote miwili kumwonyesha ukubwa wake. Mama Koku akatikisa kichwa, akarudi kwenye maharage. Wiki ngapi Bibi wa watu amekuwa akinywa uji mwingi kila asubuhi, kwa utii kabisa, kwa sababu mimi nilimwandikia kikombe kimoja, na mimi niliyekishika hicho kikombe sikukiona kwa sababu nilikuwa natafuta mwongo.

Nilidhani ameishia hapo. Hakuishia. Akasema, bila kuinua macho, "Na hiyo kelele. Ulikuwa unamkataza nani ile keki?"

"Bibi."

"Leticia."

Ziwa lilikuwa limetulia siku hiyo, na kuna mtu alikuwa anafua kule chini kwenye mawe ya ufukweni. Nikamwambia kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu kwa miaka yote niliyofanya kazi hii. Mama yangu mzazi alikuwa na sukari. Siku ya mahafali yangu ya chuo aliniomba soda, akasema leo mwanangu amekuwa msomi wa chakula, niruhusu moja. Nikampa. Nikampa na ya pili, kwa sababu alikuwa amefurahi na mimi nilipenda kumwona amefurahi. Mwaka uliofuata walimkata mguu, na baada ya mguu hakukaa sana. Najua, nimesoma, najua kabisa kwamba siyo soda mbili zilizomuua mama yangu. Lakini Jumamosi ile aliyekuwa anafungua mdomo pale uani hakuwa Bibi Nyamizi, alikuwa mama, na safari hii nilikuwa nimedhamiria kufika kabla hajameza. Nililia sana. Mama Koku aliniacha nilie, akanimiminia chai yake ya mchaichai, na tazama maajabu, akaniwekea kijiko cha sukari.

"Hili," akasema, "ndilo nilikuwa naliuliza mwaka mzima."

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja Igoma na kikombe cha ofisini kwenye mkoba. Tulipima na Salome kwa maji: kile cha bluu kilimeza vikombe vitatu vya kwangu na bado kikawa na nafasi. Bibi alitazama, akasema, "Wewe ulisema kimoja. Nikanywa kimoja." Nikamwomba msamaha. Nikamwomba na Salome msamaha, na kwa kuwa Salome hakuwa anajua kosa langu ni nini ilibidi nimweleze, na kulieleza kulikuwa kuchungu kuliko ile keki ilivyokuwa tamu. Aliyamwaga yale maji ya kupimia, akakipangusa kikombe. Mwishowe akasema, "Dada Leticia, mimi nilidhani pua yako ina mafua." Akacheka, nikajua nimesamehewa.

Tukabadilisha kikombe, daktari wa kliniki akaendelea na dawa zake, na kidogo kidogo sukari ikaanza kushuka. Kidonda kimefunga. Debora ameolewa Musoma na Shangazi Nyangeta hunitumia salamu kila akipiga simu, huwa anauliza kama yule daktari bado anaogopa keki. Simu za asubuhi na jioni nimeziacha, namwona Bibi kwa miadi kama watu wengine, ingawa michembe bado napokea, na Mama Koku analijua hilo, nilimuuliza kwanza.

Jina la Daktari Usile sijaweza kulifuta, na nadhani nitazikwa nalo. Lakini kuna kitu kimoja nimeapa, na nimekishika mpaka leo. Wiki iliyopita, Alhamisi, ngazi zilijaa watu kuanzia asubuhi, siongopi, wengine walikaa mpaka kwenye ngazi ya chini kabisa, feni inazunguka, simu inaita, mwenyewe nimechoka na mteja mmoja amenikasirisha kwa namna ambayo sikuielewa. Nikachukua simu nikamwandikia Mama Koku: "Mama shikamoo, leo nina wateja wengi sana, kwa hiyo nakuja."